Pikapu Yako na Karavani ya Familia: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Uzito Kabla ya Kununua

Anayetafuta karavani ya familia akiwa Lubumbashi huitafuta kwanza upande wa kusini, kwa kuwa njia ya Kasumbalesa ndiyo inayotuunganisha na Zambia, na kupitia Zambia tunafika Afrika Kusini, ambako karavani zimeundwa na kuuzwa kwa miongo mingi. Huko ataonyeshwa karavani yenye vitanda vya watu watano, jiko, friji na hema la pembeni, na akiuliza kama pikapu yake itaiweza, atapewa jibu ambalo kila muuzaji analo mdomoni: "Papa, hii motokari yako inakokota tani tatu na nusu, usiogope." Tani tatu na nusu zimeandikwa kweli katika vitabu vya pikapu nyingi za sasa zenye milango minne. Hata hivyo, tarakimu hiyo ndiyo ya mwisho kutazamwa, kwa sababu katika safari ya familia kuna vikomo vingine vinavyofikiwa mapema zaidi, na kinachotangulia kufikiwa, karibu kila mara, ni uwezo wa pikapu yenyewe wa kubeba.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na watu na mizigo iliyo ndani ya pikapu, unatafuta kinachobaki, na hicho kinachobaki ndicho kinachoamua karavani iwe na uzito gani. Ukianza na karavani uliyoipenda kisha ukatafuta hesabu za kuihalalisha, utazipata, ila hazitakusaidia kwenye mteremko.

Kusoma kibati cha gari

Fungua mlango wa mbele na utazame nguzo ambayo mlango unafungia, au inua boneti. Utakuta kibati au karatasi ngumu iliyobandikwa na mtengenezaji. Kwenye magari yanayofuata utaratibu wa Ulaya, kibati hicho huwa na mistari minne ya uzito, na mpangilio wake haubadiliki. Mstari wa kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakiwa, yaani gari lenyewe, mafuta, watu na mizigo. Hati za Kifaransa huuita PTAC. Mstari wa pili ni uzito wa juu wa gari na kinachokokotwa vikijumlishwa, yaani PTRA. Mstari unaoanza na 1 ni kikomo cha ekseli ya mbele, na ule unaoanza na 2 ni kikomo cha ekseli ya nyuma. Magari yaliyotoka Afrika Kusini huandikwa GVM badala ya PTAC na GCM badala ya PTRA, na ya Marekani huandikwa GVWR na GCWR, mara nyingi kwa ratili. Zidisha ratili kwa 0.4536 upate kilo.

Kwenye kibati cha kawaida hutaona uwezo wa kubeba. Unaupata kwa kutoa uzito wa gari tupu kutoka kwenye PTAC. Gari la Marekani peke yake ndilo linalokupa hesabu hiyo ikiwa tayari, kwenye karatasi ya nguzo ya mlango inayotaja uzito usiopaswa kuzidishwa na watu na mizigo kwa pamoja.

Vimebaki vikomo viwili ambavyo havipo kwenye kibati hiki. Cha kwanza ni uzito wa juu wa kukokota, ambao umo katika kitabu cha gari na umegawanywa mara mbili: karavani yenye breki zake na karavani isiyo na breki. Kwa isiyo na breki, kikomo cha pikapu nyingi ni kilo 750 tu. Cha pili ni uzito ambao shingo ya karavani, yaani ncha yake ya mbele inayoungana na pikapu, inaruhusiwa kukandamiza tufe la kuvutia, ule mpira wa chuma ulio nyuma ya pikapu, nao umechapwa kwenye chuma chenyewe cha kuvutia. Ukikuta chuma hakina maandishi yoyote, kimechomelewa na fundi wa mtaani, usikiamini kwa karavani hata kama kimekokota vitoroli vya mchanga miaka mingi.

Inafaa pia kujua tarakimu ya kukokota hupatikanaje. Watengenezaji wanaofuata kipimo cha Marekani kiitwacho SAE J2807 hulipima gari likiwa na dereva na abiria mmoja, kila mmoja akihesabiwa kuwa na kilo 68, na sehemu ya jaribio hilo ni mlima mrefu wa Davis Dam huko Arizona, tena wakati wa joto. Ni jaribio gumu na la haki. Lakini ndani ya gari hilo hakuna watoto watatu, hakuna kanopi, hakuna jenereta, na hakuna shangazi aliyeomba lifti hadi Likasi.

Hesabu ya ndani ya pikapu

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo tuchukue mfano na kuufuata hadi mwisho. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia. Zako zisome kwenye kibati chako.

Pikapu yetu ina milango minne na injini ya dizeli yenye tabo (turbo). Tupu, ikiwa na tangi lililojaa, ina kilo 2,100. PTAC yake ni kilo 3,050, PTRA ni kilo 5,800, ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo 1,850, na kitabu kinasema inakokota kilo 3,500. Uwezo wake wa kubeba ni 3,050 kutoa 2,100, yaani kilo 950. Mtu akiitazama 950 anaona nyingi.

Toa kwanza vitu ambavyo vimekuwa sehemu ya gari kiasi kwamba mwenyewe ameshavisahau. Chuma cha kuvutia ni kilo 45. Kanopi ya kufunika nyuma ni kilo 90. Bampa la chuma la mbele ni kilo 50. Jeki ndefu, kamba, koleo na sanduku la spana ni kilo 40. Jumla ni 225, na tumebaki na 725 kabla hata mtu mmoja hajaketi.

Sasa familia. Baba kilo 85, mama kilo 75, watoto watatu kilo 55, 40 na 25. Jumla ni 280, na tumebaki na 445. Wapime kweli, wakiwa na viatu. Watoto hukua kati ya likizo moja na nyingine, na uzito uliouandika mwaka juzi haupo tena.

Kisha mizigo ya nyuma. Kijokofu kilichojaa ni kilo 40. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Dizeli ya akiba lita 40 ni kama kilo 34, kwa kuwa dizeli ni nyepesi kidogo kuliko maji. Mabegi ya nguo ni kilo 60, na madumu yenyewe matupu tuyape kilo 6. Jumla ni 180, na tumebaki na 265.

Hizo kilo 265 ndizo zinazobaki kwa shingo ya karavani. Shingo inapokalia tufe, uzito wake unahesabiwa kuwa mzigo wa pikapu sawa na mtu aliyeketi kwenye bampa la nyuma. Kwa karavani ya mtindo wa Marekani, shingo hubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa karavani iliyopakiwa. Tukichukua asilimia 10, kilo 265 zinaturuhusu karavani ya kilo 2,650. Tukichukua 13, ambayo ni ya kweli zaidi kwa karavani ndefu, zinaturuhusu kama kilo 2,040. Na PTRA inasemaje? Pikapu ikijaa hadi kilo 3,050, kilichobaki ni 5,800 kutoa 3,050, yaani 2,750. Kwa hiyo zile tani tatu na nusu za muuzaji hazikuwezekana tangu mwanzo: ili pikapu hii ikokote kilo 3,500, yenyewe inapaswa iwe na kilo 2,300 tu, maana yake dereva, mtu mmoja na begi dogo.

Tuko kwenye tani mbili, na bado hatujaigusa ekseli ya nyuma.

Mzigo ulioning'inia nyuma ya ekseli

Tufe la kuvutia haliko juu ya ekseli ya nyuma. Liko nyuma yake kwa mita moja na zaidi. Kwa sababu hiyo, uzito wa shingo hukandamiza ekseli ya nyuma kuliko uzito wenyewe ulivyo, na papo hapo huinua pua ya gari. Hesabu yake ni rahisi. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Tuseme mita 3.10. Pima tena kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi kwenye tufe. Tuseme mita 1.25. Jumlisha vyote viwili, gawanya kwa 3.10, na unapata 1.40. Kila kilo ya shingo inakuwa kilo 1.40 kwenye ekseli ya nyuma.

Shingo ya kilo 265 basi inaongeza kama kilo 370 nyuma, na inapunguza kama kilo 107 kutoka kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ikiwa ekseli ya nyuma, pamoja na familia na mizigo, ilisoma kilo 1,430 kabla ya kuunganisha, sasa inasoma 1,800. Kikomo ni 1,850. Iko chini ya kikomo kwa kilo 50 tu, yaani dumu mbili na nusu za maji. Hiyo kwangu siihesabu kuwa imefaulu.

Tukiishusha shingo hadi kilo 200, nyuma inakuwa 1,710 na tunapumua. Shingo ya kilo 200 kwa asilimia 12 ni karavani ya kama kilo 1,650 iliyopakiwa. Hiyo ndiyo karavani ya familia hii: kikomo chake cha juu kisizidi kilo 1,650 au 1,700, jambo ambalo kwa karavani ya Afrika Kusini humaanisha gamba tupu la kama kilo 1,250 hadi 1,300. Tumetoka tani tatu na nusu hadi chini ya nusu yake, bila kudanganya popote.

Mafundi wengi wa hapa Lubumbashi, wa mitaa ya Kenya au Katuba, watakuambia kwamba dawa ya gari linaloinama nyuma ni kuongeza vipande vya springi. Springi zitaliinua gari, hilo ni kweli. Lakini PTAC na kikomo cha ekseli vinategemea pia fremu, ekseli yenyewe, beringi, breki na tairi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopata nguvu kwa sababu springi zimekuwa nene. Kinachobadilika ni kwamba macho yako hayaoni tena kuwa gari limezidiwa. Vivyo hivyo na mifuko ya hewa, na vivyo hivyo na vyuma vya kugawanya uzito vinavyotumiwa na karavani za Marekani: hivi vya mwisho vina faida ya kweli, kwa kuwa hurudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, lakini haviongezi hata kilo moja kwenye kibati.

Kusoma karavani kama ulivyosoma gari

Karavani nayo ina kibati chake, kwa kawaida kwenye shingo au karibu na mlango. Usinunue kwa kuangalia uzito mtupu. Utumie ule wa juu kabisa, kana kwamba itajazwa daima, kwa sababu itajazwa daima. Tofauti kati ya uzito wa juu na uzito mtupu ndiyo nafasi yako ya mizigo, na mara nyingi ni kilo 300 hadi 400 tu. Tangi la maji la lita 80 linakula kilo 80. Chupa mbili za gesi, betri, hema la pembeni na nguzo zake, magodoro, sufuria na chakula cha wiki vinamaliza kilichobaki kwa haraka ya kushangaza. Uzito mtupu ulioandikwa ni wa siku karavani ilipotoka kiwandani; kama mwenye zamani aliongeza kiyoyozi au paneli za jua, upime upya.

Angalia pia kichwa cha kiungo cha karavani. Viungo vya mtindo wa Ulaya huchapwa herufi S, ambayo ni uzito wa juu wa shingo, na herufi D. Kwenye karavani nyingi za mtindo huo, S huwa karibu kilo 100, kwa sababu zimeundwa zibebe shingo nyepesi na ziende polepole, uzito mwingi ukiwa juu ya ekseli. Ukiikuta karavani ya namna hiyo, kanuni ya asilimia 12 haikuhusu. Unafuata S, unapakia vitu vizito juu ya ekseli, na unapunguza mwendo. Kati ya kikomo cha tufe la pikapu na kikomo cha kichwa cha karavani, kidogo ndicho kinachotawala.

D ni nguvu ya kuvuta ambayo kiungo kinaweza kuihimili, nayo hupimwa kwa kilonyutoni. Zidisha PTAC ya pikapu kwa uzito wa juu wa karavani, vyote vikiwa katika tani, gawanya kwa jumla yao, kisha zidisha kwa 9.81. Kwa mfano wetu, 3.05 mara 1.65, gawanya kwa 4.70, mara 9.81, ni kama 10.5. Chuma cha kuvutia chenye D ya 10.5 au zaidi kinatosha.

Kipenyo cha tufe kina hatari yake. Tufe la Afrika Kusini na Ulaya ni milimita 50. La Marekani ni inchi 2, yaani milimita 50.8, au inchi 2 na 5/16, yaani kama 58.7. Kichwa cha Kimarekani cha inchi 2 kitakaa juu ya tufe la milimita 50 na kitaonekana kimefunga; kitacheza, na kwenye mashimo kinaweza kuruka. Badilisha tufe, usibahatishe.

Na jambo moja ambalo halihusu uzito, ila nisingependa mtu alipite: karavani ya Afrika Kusini imeundwa kwa nchi inayoendesha kushoto, kwa hiyo mlango wake uko upande wa kushoto. Kwetu tunaendesha kulia. Ukisimama kando ya Barabara ya Taifa namba 1 kati ya Lubumbashi na Likasi, mlango unafunguka upande ambao malori ya madini yanapita. Watoto wafundishwe mapema kwamba kando ya barabara hakuna anayeingia wala kutoka; kituo ni ndani ya kiwanja.

Breki

Karavani inayozidi kilo 750 iwe na breki zake zinazofanya kazi. Karavani nyingi za kusini zina breki za kusukuma: pikapu ikipunguza mwendo, karavani inaisukuma, na msukumo huo unavuta kebo ya breki. Ni mfumo mzuri na hauhitaji umeme, lakini kwenye mteremko mrefu karavani inasukuma wakati wote na breki zake zinapata moto. Dawa ni gia ndogo mapema, kabla ya mteremko kuanza. Breki za umeme, za mtindo wa Marekani, zinahitaji kidhibiti karibu na dereva. Zina faida moja kubwa tutakayoiona chini. Kebo ya dharura, ile inayofunga breki za karavani ikichomoka, ifungwe kwenye sehemu imara ya fremu ya pikapu, na minyororo ipite kwa kukingamana chini ya shingo ili ikiachia idakwe kabla haijachimba lami.

Kupima: mizani ya malori na mizani ya bafuni

Hesabu za mezani ni za kuchagulia. Kabla ya safari, pima. Katika mji wa migodi hukosi mizani ya malori: viwanda vya unga, wanunuzi wa vyuma chakavu na kampuni za usafirishaji wanayo, na kwa kawaida huelewana na mtu anayekuja kwa adabu saa ambazo foleni haipo.

Nenda na familia yote na mizigo yote. Kwanza, bila karavani, pima pikapu nzima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Unganisha karavani, upime ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na magurudumu ya karavani, moja baada ya nyingine. Uzito wa pikapu ikiwa imeunganishwa, kutoa uzito wake ikiwa peke yake, ndio uzito wa shingo. Linganisha kila tarakimu na kibati chake. Mizani za malori nyingi husoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo uzito wa shingo unaoupata hapo ni wa makadirio.

Kwa shingo peke yake kuna njia bora zaidi, ya nyumbani. Weka karavani mahali pa usawa, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Chukua ubao mnene wa zaidi ya mita moja. Upande mmoja ulalie kipande cha bomba kilichokaa juu ya matofali, upande wa pili ulalie kipande cha bomba kilichokaa katikati ya mizani ya bafuni, na umbali kati ya bomba na bomba uwe sentimita 90 kamili. Soma mizani ikiwa na ubao tu, uandike. Sasa simamisha kigogo kifupi juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la matofali na 60 kutoka bomba la mizani, na ushushe shingo polepole juu ya kigogo hicho, karavani ikiwa sawa, haijainama mbele wala nyuma. Toa ulichokiandika mwanzo, zidisha kinachobaki kwa tatu. Mizani ikionyesha kilo 66, shingo yako ni kilo 198. Ukihamisha betri au dumu la maji kutoka nyuma kwenda mbele ya ekseli, utaiona tarakimu ikibadilika mbele ya macho yako, na utajifunza karavani yako kuliko kitabu chochote kinavyoweza kukufundisha.

Mzigo wa kurudi

Wageni wanaoandika miongozo ya karavani huhesabu mzigo wa kwenda. Sisi tunajua mzigo mzito ni wa kurudi. Ukienda Kasenga, kwenye mto Luapula, utarudi na samaki. Ukipita vijijini utarudi na unga, mihogo na magunia ya makala (makaa), kwa sababu jirani alituma na mama mkwe alisisitiza. Gunia mbili za makala nyuma ya pikapu zinaweza kumaliza akiba yote tuliyoipata kwa kupunguza karavani, na zikipakiwa nyuma kabisa ya karavani ni mbaya zaidi, kwa kuwa zinainyanyua shingo. Shingo nyepesi mno ndiyo chanzo kikuu cha karavani kuyumba.

Kwa hiyo akiba ya kurudi itengwe tangu mwanzo. Mimi ningeitenga kilo 100 ndani ya pikapu, nikijua kwamba maji na sehemu ya chakula vitakuwa vimekwisha. Kinachozidi hapo kipande basi.

Mwinuko, vumbi na tairi

Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kundelungu uko juu zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo Land Cruiser ya zamani yenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla haijatoka mjini. Yenye tabo haiathiriki sana. Mwinuko haubadilishi vikomo vya kibati, ila hubadilisha subira utakayoihitaji mlimani.

Kwenye udongo, hasa mvua za Novemba hadi Aprili zikiwa zimekwisha kuichimba barabara, ningekaa kwenye asilimia 80 ya kila kikomo. Kibati kinapima uzito uliotulia, shimo linauzidisha.

Tairi zina namba ya mzigo pembeni. 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 112 ni kilo 1,120, 95 ni kilo 690. Zidisha kwa mbili na ulinganishe na uzito wa ekseli. Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama tu, zikiwa na meno mazima, kwa hiyo soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo uliochapwa pembeni ya tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi sipandishi familia kwenye tairi za karavani zilizopita miaka saba, ziwe zimeonekana nzuri kiasi gani.

Siku ya kujaribu

Kagua taa zote, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nyuma. Hakikisha bima na hati za karavani ziko pamoja na za gari. Kisha toka mapema kuelekea Likasi, safari ya kama kilomita 120 yenye lami, usizidi kilomita 80 kwa saa.

Karavani ikianza kuyumba, achia mafuta na ushike usukani uliyonyooka. Usikanyage breki ya pikapu, na usijaribu kuirekebisha kwa usukani, kwa kuwa kila marekebisho yanachelewa na yanaongeza kuyumba. Mwenye breki za umeme abonyeze kidhibiti kwa mkono ili karavani peke yake ijivute nyuma na kunyooka. Ikishatulia, simama na upime shingo upya, maana mzigo umekaa vibaya.

Baada ya kilomita 30 ingia kwenye kiwanja chochote chenye nafasi. Kaza nati za magurudumu ya karavani upya, ukizifuata kwa kukingamana. Sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu: vyote viwe na joto linalofanana. Kitovu kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi imekazwa mno au breki inashika, na safari inaishia hapo hadi fundi aifungue.

Kisha tazama kipimo cha joto la injini, upige hesabu ya mafuta yaliyotumika, na urudi Lubumbashi mchana kweupe.